Modeli ya majitaka imekataa? Rudi kwanza kwenye chupa

Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imepamba moto, dada mmoja wa uzamili alifika maabara hapa Kisumu ameikumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Alikuwa na data za miezi minane kutoka mabwawa ya majitaka, modeli ya mlinganyo mmoja yenye k, yaani kasi ya uchafu kuoza, na nukta tatu zilizoruka juu ya mstari kama panzi.

"Mwalimu, nimebadilisha k mpaka nimechoka. Sasa niongeze kigezo kingine?"

Nikamwomba asiguse kitu. Tukapanda boda hadi kwenye mabwawa, tukamkuta mzee wa lango na daftari lake lililojikunja pembe. Mle huandika kila eksosta, lori la kunyonya vyoo, inayoingia kumwaga: tarehe, saa, namba ya gari. Tukamsomea zile tarehe tatu. Akapitisha kidole kwenye kurasa. "Hizo siku, binti yangu, eksosta zilipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Na wewe ulikuja saa tatu na chupa zako, nakukumbuka." Alichokipima asubuhi hizo hakikuwa majitaka ya mji yanayoletwa na bomba. Kilikuwa choo cha mtu kilichokaa shimoni miaka kadhaa, kikamwagwa mlangoni mwa bwawa kwa mkupuo.

Mara nyingi ninapoitwa kutazama modeli iliyokataa, ugonjwa hauko ndani ya modeli. Uko kwenye chupa, kwenye saa ya kuchota, au kwenye namna majaribio yalivyopangwa kabla ya tone la kwanza kupimwa. Ndiyo maana dalili hizi nimezipanga kwa njia maji yanayopita, kutoka maabara hadi kwenye kompyuta. Anza juu ushuke.

Chupa za BOD zinakufa, au BOD inayotoka inaizidi inayoingia

BOD ni oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu ndani ya chupa iliyofungwa, gizani, kwenye nyuzi 20, kwa siku 5. Chupa ni halali iwapo oksijeni imeshuka kwa angalau miligramu 2 kwa lita na imebaki angalau 1. Ikibaki chini ya hapo tunasema imekufa. Vijidudu vilikosa hewa safarini, na jibu linalotoka ni dogo kuliko ukweli.

Sasa, vipimo vingi vya kuchanganyia vilivyomo vitabuni viliandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Kwao maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba karibu miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Kisumu tuko kama mita 1,140 juu ya bahari, na maji yaleyale hubeba takriban 7.9. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni takriban 7.2. Chukua majitaka ghafi yenye BOD ya 300, utie mililita 8 kwenye chupa ya mililita 300. Yatadai oksijeni miligramu 8 kwa lita. Mombasa itabaki 1.1, na chupa itaponea chupuchupu. Kisumu na Nakuru imeshazikwa. Mililita 6 zinavuka hata Nakuru, zikibakiza 1.2, lakini mimi hutia 4 nikalala usingizi wangu. Kwa maji yaliyosafishwa yanayokaribia kikomo cha 30, kile kilichowekwa na kanuni za ubora wa maji za 2006, tia kati ya mililita 20 na 60. Na usitie kipimo kimoja; weka vitatu, ili kimoja kikifa kiwe na ndugu wa kukisemea.

Mita ya oksijeni nayo ina mtego wake, na huu umewanasa hata watu wazima. Ukiisawazisha hewani pale Nakuru huku yenyewe ikiamini iko ufukweni, kila inachosoma itakikuza kwa takriban robo. Watu husema kosa litajifuta ukitoa usomaji wa mwisho kwenye wa kwanza. Halijifuti. Kosa la kujumlisha ndilo hufutika. Hili ni la kuzidisha, na BOD yako yote inapanda kwa robo hiyohiyo. Baya zaidi, chupa iliyobakiza 0.9 itaonyesha 1.1, kwa hiyo maiti anapita ukaguzi. Kuitambua ni kazi ya dakika kumi: puliza hewa kwenye maji safi ya nyuzi 20 mpaka yashibe, kisha soma. Mita ikikuambia 9 ukiwa Nakuru, inakudanganya. Ingiza mgandamizo halisi wa hewa wa mahali ulipo. Ule wa utabiri wa hali ya hewa kwenye simu haufai, kwa sababu umeshageuzwa kuwa wa usawa wa bahari.

Kama shida ni BOD ya kutoka kuizidi ya kuingia, inua sampuli juani utazame rangi. Kijani ni mwani. Mchana bwawani mwani hutoa oksijeni, lakini ukiufungia gizani siku tano unavuta oksijeni, unakufa, na unaozea humohumo. Chuja sehemu ya sampuli, upime iliyochujwa na isiyochujwa, na uandike zote mbili. Kama si ya kijani, washuku bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati. Wanapenda sana maji yaliyokwisha kusafishwa na wanakula oksijeni ambayo hukuwa umewaandalia. Dawa yao ni alilithiourea kidogo ndani ya chupa.

Kuna vipimo viwili vya haraka kabla ya kulaumu bwawa. Mchanganyiko wa glukosi na asidi ya glutamiki, miligramu 150 kwa lita ya kila kimoja, una jibu linalojulikana: 198, juu au chini kwa 30.5. Ukishindwa kulipata jibu hilo, usipeleke namba nyingine yoyote mbele. Pia linganisha na COD ya sampuli ileile, yaani oksijeni inayotakiwa kuunguza uchafu kwa kemikali badala ya vijidudu. BOD haiwezi kuishinda COD, na ikishinda mojawapo inasema uongo.

Stima ikipotea wikendi, kabati la nyuzi 20 Kisumu linapanda taratibu kuelekea joto la chumba na hakuna wa kukuambia Jumatatu. Weka ndani kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini.

k yako haifanani na ya mtu yeyote

Mwanafunzi anapata k ya 0.8 kwa siku. Tasnifu aliyoiazima inasema 0.32. Mabwawa ni ya aina moja, joto lilelile, na wote wawili wameondoa asilimia 80 ya BOD kwa siku 5. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Ukichukulia bwawa ni sufuria inayokorogwa bila kupumzika, mlinganyo ni Ce = Ci / (1 + kt): Ci ni BOD inayoingia, Ce inayotoka, t ni siku za maji kukaa bwawani. Kubakiza moja ya tano kunadai kt iwe 4, nayo k inakuwa 0.8. Ukichukulia maji yanatembea kama treni, behewa nyuma ya behewa bila kupitana, ni Ce = Ci × e^(−kt). Hapo kt ni 1.61 na k ni 0.32. Data ni zilezile, na tofauti ni mara mbili na nusu, yote ikitoka kwenye jambo ambalo waandishi wengi hulitaja kwa nusu sentensi au wasilitaje kabisa. Kwa hiyo k bila aina ya mtiririko ni kama bei bila sarafu. Ukiazima k, azima na mlinganyo wake.

Bwawa halisi liko katikati ya sufuria na treni, na namna ya kujua liko wapi ni kulitia alama. Kwa tangi la maabara au kijito cha majaribio, chumvi ya kawaida na mita ya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme zinatosha. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo, iwe nyembamba. Maji mazito ya chumvi huzama yakatambaa sakafuni, na utakuwa umepima safari ya chumvi badala ya safari ya maji. Mwaga yote kwa pamoja mlangoni, soma kwenye tundu la kutokea mpaka usomaji urudi ulikoanzia. Ugawe mraba wa wastani wa muda kwa tofauti ya mraba, yaani mraba wa mkengeuko wa kawaida, na utapata n, idadi ya sufuria zilizofuatana ambazo bwawa lako linazifanana. Ikitoka 1.3, achana na hadithi ya treni.

Chumvi hiyohiyo itakuambia jambo la pili. Muda wa kukaa uliouhesabu, ujazo kugawa kwa mtiririko, ulitumia ujazo wa kwenye mchoro wa mhandisi. Bwawa ambalo theluthi yake imejaa tope halina siku 5, lina siku 3 na theluthi. Sijawahi kujuta kuingia kwenye mtumbwi na mti mrefu uliofungwa taulo jeupe: ushushe mpaka chini, upandishe, na alama ya tope jeusi juu ya taulo inakuonyesha kina chake.

Joto mtu huwa analikumbuka, ila huvaa kiatu cha mwenzake. Kwa BOD, kizidisho kinachotumika sana ni 1.047 kwa kila nyuzi, kwa hiyo kutoka 20 hadi 25 k inapanda kwa asilimia 26 hivi. Kwa koliformu, bakteria wa kinyesi, mlinganyo wa 1974 wa mtafiti aitwaye Marais una kizidisho cha 1.19, na nyuzi hizo tano zinaizidisha k karibu mara 2.4, kutoka 2.6 hadi 6.2 kwa siku. Ukiwavisha bakteria kizidisho cha uchafu, bwawa la Kisumu litaonekana linafanya miujiza na la Nakuru linaonekana limelala.

Ufanisi unapanda na kushuka bila mpango

Linganisha mizigo, yaani kiwango mara mtiririko, acha kulinganisha viwango peke yake. Tuseme tangi lako la kusafishia majitaka kwa mafunjo linaingiza lita 100 kwa siku zenye BOD ya 200, na linatoa lita 70 zenye 60. Kwa viwango umeondoa asilimia 70. Kwa mzigo ziliingia gramu 20 zikatoka gramu 4.2, yaani asilimia 79. Zile lita 30 zimenyweka na jua na majani ya mafunjo, na jua la Kisumu la Februari si la mzaha. Siku ya mvua hesabu inageuka: maji ya mbinguni yanapunguza ukali, kiwango kinashuka, na unajipongeza kwa kazi ya mawingu. Pima mtiririko wa kuingia na wa kutoka. Ndoo na saa ya mkononi zinatosha, mradi upime zote mbili kila unapochota.

Kosa jingine ni kuchota pande zote mbili asubuhi moja. Maji yanayotoka leo kwenye bwawa la siku 10 yaliingia siku kumi nyuma. Kama kiingilio kinabadilika sana, na kinabadilika hasa penye eksosta, unalinganisha baba na mtoto wa jirani. Chota kiingilio kila baada ya saa chache na uchanganye kulingana na mtiririko, kisha ulinganishe wastani wa wiki kadhaa.

Saa ya kuchota pia. Alasiri yenye jua mwani humaliza kaboni dayoksaidi na pH ya bwawa hupanda, hata kuvuka 9. Amonia inaanza kutoroka hewani na bakteria wanakufa haraka. Alfajiri ni bwawa jingine kabisa. Aliyechota saa tatu asubuhi mwaka mzima ana modeli ya saa tatu asubuhi.

Yule dada hatukumfutia nukta zake tatu. Alirudi kwa mzee wa lango akanakili daftari lote, idadi ya magari kwa siku ikawa safu mpya kwenye jedwali, na modeli ikatulia bila kuongezewa kigezo hata kimoja cha kibayolojia. Chai ya mzee ilikuwa juu yangu.

Mafunjo yameshinda kwa p ya 0.001, na hakuna anayeamini

Matangi mawili nyuma ya maabara, moja lina mafunjo na jingine changarawe tupu. Sampuli 30 kutoka kila moja, jaribio la t la kulinganisha wastani, na p, uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu, ni 0.001: ushindi wa kishindo.

Sampuli 30 za tangi moja ni tangi moja lililoulizwa mara 30. Huenda lenye mafunjo liko mbali na kivuli cha ukuta, au bomba lake halivuji, au changarawe yake ilioshwa vizuri zaidi. Takwimu zimethibitisha kwamba matangi mawili yanatofautiana, jambo ambalo tungelijua bila takwimu. Hazijasema lolote kuhusu mafunjo. Kosa hili Stuart Hurlbert alilipa jina mwaka 1984, urudufu wa uongo, na bado naliona kila mhula.

Kulitibu baada ya data kukusanywa ni vigumu. Unaweza kuandika kwa unyenyekevu kwamba ni uchunguzi wa matangi mawili, na wapo wasimamizi watakaokubali. Kabla ya kuanza ni rahisi: matangi sita madogo yanashinda mawili makubwa, hata ukichota mara chache. Ufundi wake ni uleule ambao Ronald Fisher aliufanyia kazi mashambani Rothamsted, Uingereza, tangu miaka ya 1920. Kama kivuli kinakula upande mmoja wa uwanja, panga matangi kwa jozi, kila jozi ikae kwenye mwanga wa aina moja. Ndani ya jozi, karatasi mbili kwenye kikombe ziamue lipi linapata mafunjo. Usichague kwa macho. Macho yanapenda kumpa mgeni kiti kizuri.

R² ni 0.99 na bado modeli haitabiri

Kwa watu wa ufyonzaji, wale wanaochoma makapi ya miwa ya Muhoroni na Chemelil au gugu maji la ziwani kutengeneza mkaa wa kunasa rangi na fosfeti, kuna grafu moja ninayoiogopa: t/q dhidi ya t, ambapo t ni muda na q ni kiasi kilichonaswa na kila gramu ya mkaa. Muda uko pande zote mbili, kwa hiyo nukta lazima zijipange mstari. Jaribu mwenyewe. Kwa dakika 10, 20, 40, 60, 90 na 120 nilitunga q za uongo kabisa: 11, 8, 12, 9, 10, 11. Hakuna mkaa, hakuna rangi. R², kipimo cha jinsi mstari unavyozifuata nukta (1 ni kamili), ikatoka 0.98. Basi ukiniletea 0.99 ya grafu hiyo kama ushahidi wa namna ufyonzaji unavyotokea, nitakutolea hii yangu. Linganisha q yenyewe na muda, bila kuinyoosha, na uchukue usomaji mwingi dakika za mwanzo, kabla mkaa haujashiba.

Kwa wanaotumia mpango wa majaribio uitwao Box-Behnken, vigezo vitatu vinakupa majaribio 15, na mlinganyo kamili wa mraba una namba 10 za kukisia. Umebakiwa na nyuzi 5 za uhuru, yaani majaribio yanayozidi namba za kukisia, 2 zikiwa za nukta za katikati zilizorudiwa. R² kubwa hapo ni haki yako ya kuzaliwa. Fanya majaribio matatu au manne mahali ambapo modeli haijawahi kufika na uone kama inapiga karibu. Na uulize mfuatano: kama pH ya chini yote ilifanywa Jumatatu na ya juu Ijumaa kwa majitaka yaliyokaa kwenye jerikeni wiki nzima, kigezo ulichopima ni umri wa jerikeni.

Kompyuta inaleta jibu jipya kila ukibonyeza

Hii huwatokea wanaotumia mlinganyo wa Monod wa kasi ya vijidudu kukua: μ = μmax × S / (Ks + S), ambapo S ni chakula, μmax kasi ya juu kabisa, na Ks ni chakula kinachotoa nusu ya kasi hiyo. Mara μmax ni 4 kwa siku na Ks ni 80, mara ni 2 na 40, na mistari yote miwili inapita katikati ya nukta. Programu haijaharibika. Weka S ya miligramu 5 kwa lita: seti ya kwanza inatoa 0.235, ya pili 0.222. Weka 10: 0.444 na 0.400. Chakula kikiwa kidogo kuliko Ks, kinachoonekana ni uwiano wa μmax kwa Ks tu, na uwiano huo ni 0.05 kwa seti zote mbili. Sasa weka 200: 2.86 dhidi ya 1.67. Hapo ndipo zinapoachana, na hapo ndipo hukupima, kwa sababu ulianza na maji ya kutoka bwawani ambayo tayari yamesafishwa.

Rudi maabara uongeze jaribio moja lenye chakula kingi. Kama bajeti au muhula umekwisha, ripoti uwiano peke yake, ambao data zako zinaujua. Au funga Ks kwenye thamani ya vitabu, useme wazi kwamba umeifunga, uonyeshe μmax inasogea kiasi gani ukiongeza au ukipunguza Ks hiyo kwa nusu. Na wenye kutumia ASM1, ile modeli ya tope amilifu ya 1987 yenye vigezo 19, wasithubutu kuwaachia vyote 19 vihangaike mbele ya BOD ya mara moja kwa wiki. Achia viwili au vitatu, vilivyobaki vifungwe mlango.